Nukta Nyeupe Kwenye Paji la Baba Mdogo

Gundi ya rifrekta ina harufu yake ya peke yake. Rifrekta ni ile karatasi ya kung'aa, nyekundu na nyeupe, inayobandikwa ubavuni mwa malori ili yaonekane gizani. Aliyekulia Tunduma anaijua, maana sisi tulikuwa tunaokota vipande vyake tunabandika kwenye madaftari, kwenye kandambili, mpaka kwenye mbwa wa watu. Ukiibandua mahali ilipokaa muda, gundi inabaki inanata, inanuka kama tairi jipya lililomwagiwa siki. Juzi nilikuwa kijijini Itaka kwenye msiba wa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu. Kabla jeneza halijatolewa ndani, Baba Mdogo akaniita kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Spika, nibandue hii kitu. Leo sifanyi kazi."

Spika ni mimi. Jina alinipa yeye nikiwa mdogo, kwa sababu ya mdomo. Nikaweka ukucha wa kidole gumba kwenye paji lake la uso, nikaibandua ile nukta, duara dogo la rifrekta nyeupe, ukubwa wa kifungo cha shati. Nimeibandua mara ngapi kwenye maisha yangu, sijui. Lakini siku ile harufu ilinipanda puani vibaya, nikaenda kusimama nyuma ya migomba kama mtu aliyefuata simu. Nilikuwa nimekumbuka neno nililomwita marehemu mbele ya watu nikiwa na miaka tisa. Sijawahi kumhadithia mtu. Leo nasema lote, na atakayenicheka anicheke.

Zamani Baba Mdogo alikuwa na mikono. Nasema hivyo ingawa mikono ipo mpaka leo, imelala mapajani mwake, safi, kucha nakata mimi. Lakini ile ya zamani ilikuwa mikono. Alikuwa mchora maandishi ya malori. Nyie wa rika langu mtakumbuka, kabla mashine za stika hazijajaa mjini, maneno yote ya kwenye malori yaliandikwa kwa brashi. Dereva amekaa kwenye foleni ya mpakani siku nne, hana la kufanya, anamwita Yona. Yona anakuja na ngazi na makopo yake ya rangi, anamwandikia SINA HARAKA, au MKE WANGU ANAJUA NILIPO, au jina la mtoto aliyezaliwa wiki hiyo. Herufi zake zilikuwa na tabia. R yake ilinyoosha mguu mbele kama mzee aliyeketi kizingitini. S yake ilikuwa inageuka kukuangalia. Mimi niko darasa la kwanza, sijui hata kusoma vizuri, lakini lori likipita naweza kukwambia hii ni ya Baba Mdogo, ile siyo. Kuna mtoto wa jirani alinibishia, nikampiga, na mama yake alipokuja kushtaki nikabisha na mama yake pia.

Siku moja akiwa juu ya ngazi, anaandika juu ya kioo cha mbele cha lori, foleni ikasogea. Dereva alikuwa ameamka usingizini, akaona wenzake wanasogea, na yeye akasogea. Hatua tatu tu za mtu mzima. Baba Mdogo akaangukia shingo.

Alikaa hospitali Mbeya mpaka nikaanza kuisahau sauti yake, na aliporudi, alirudi kichwa tu. Mtanisamehe, ndivyo nilivyoona mimi mtoto. Kuanzia mabegani kwenda chini hakuna kilichomsikiliza. Tulimlaza chumba cha mbele, dirisha linaloangalia barabara, akawa analala pale anasoma malori yanayopita, yale ya kwake na ya wengine, na akiona herufi mbaya anasonya. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia, kusonya.

Baba yangu ni dereva wa safari za Lubumbashi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mama, mimi na Baba Mdogo. Asubuhi alikuja Gidi, kijana wa jirani mwenye kibanda cha stika, kumwogesha na kumgeuza ili asitoke vidonda. Ilibidi awe Gidi, maana mama ni shemeji wa Baba Mdogo, na kwa watu wetu shemeji kumwogesha mwanamume mzima ni jambo la kuhamia mtaa mwingine kwa aibu. Lakini Gidi akiumwa, mama alifanya. Nilimwona akifanya huku uso ameugeuzia ukutani, na Baba Mdogo amefumba macho kama amelala, na hakuna aliyelala.

Gidi huyo alikuwa amenunua mashine ya kukata stika, ya kwanza mtaani kwetu. Mashine alikuwa nayo, mkono hakuwa nao. Herufi alizotoa zilikuwa za kompyuta, zimesimama tu kama wanafunzi mstarini. Akawa anambebea Baba Mdogo kompyuta chumbani, anamwekea mbele, anasogeza mausi huku Baba Mdogo anaelekeza kwa mdomo.

"Vuta mguu wa R. Bado. Bado. Bado... umepita. Rudi."

"Broo, nimerudi."

"Umerudi mpaka kwenu. Vuta tena."

Walikuwa wanagombana hivyo mchana kutwa kwa herufi moja. Mpaka siku moja Gidi akasema kuna programu ameiona mtandaoni, ya bure, ya watu wasio na mikono. Unaweka kamera juu ya kompyuta, kamera inashika sehemu moja ya uso wako, ukigeuza kichwa mshale kwenye skrini unafuata. Ukitaka kubonyeza, unatulia. Unatulia muda wa kumeza mate mara moja, inabonyeza yenyewe. Baba Mdogo akasema, "Usinitanie, Gidi. Sina hata mkono wa kukupiga."

Hakuwa anatania. Ila kamera haikumwona. Chumba chetu kilikuwa na giza na sisi ni weusi wa Mbozi kwelikweli. Kamera ikatafuta pua, ikakamata ukuta. Ikatafuta nyusi, ikakamata kalenda ya kanisa. Siku mbili Gidi anahangaika, anatukana kwa sauti ndogo kwa sababu ya mama. Siku ya tatu, kwa hasira, akachukua kipande cha rifrekta kilichobaki kwenye kazi ya tela, akakata duara, akambandika Baba Mdogo katikati ya paji la uso, halafu akafunga tochi juu ya kamera kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ile nukta ikawaka kama jicho la paka. Mshale ukaruka.

Baba Mdogo akageuza kichwa kushoto, mshale kushoto. Kulia, kulia. Akachora mstari. Ulikuwa umepinda kama njia ya Galula wakati wa mvua, na alicheka, alicheka mpaka akapaliwa, mama akaja mbio kumsukuma tumbo, maana mtu wa vile hawezi kukohoa mwenyewe. Ameshasukumwa, machozi yanamtoka, bado anacheka. "Shemeji," anasema, "nimechora. Shemeji, mstari wangu huo."

Nataka mjue ilikuwa kazi kiasi gani, kwa sababu watu wakiona leo wanadhani ni mchezo. Shingo ile ilivunjika. Asubuhi nzima ilikwenda kwa herufi moja. Jasho lilikuwa linalegeza gundi, nukta inateleza, mshale unakwenda kwa wazimu, tunaanza upya. Misuli ya shingo ilikuwa inatetemeka naiona kwa macho. Ukimwambia pumzika, anakwambia, "Nimepumzika mwaka mzima." Baada ya mwezi alikuwa na herufi zote za jina langu. Baada ya miezi michache R yake ilinyoosha mguu vilevile kama zamani, na mimi nilitoka nje nikapiga kelele mtaa mzima bila sababu yoyote wanayoijua.

Sasa hapa ndipo upumbavu wangu ulipoanzia. Hakuna aliyenieleza habari ya kamera. Mimi niliona tu Baba Mdogo amelala, hashiki kitu, hasemi kitu, ana kitu kinachong'aa kwenye paji, na herufi zinatokea. Nikaelewa mara moja. Ile nukta ni tundu. Mawazo yanatokea pale, kompyuta inayasoma. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Nikawa nikiingia chumbani najitahidi kuwaza mambo mazuri tu, wali, Krismasi, ili nisimharibie. Na siku ya mtihani wa hesabu nikakata nukta yangu, nikabandika.

"We binti," mwalimu akasema, "una nini usoni?"

"Nafikiria, mwalimu."

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Nilipata alama ambazo hata leo sizitaji. Nikarudi nalia, nikamwambia Baba Mdogo kwamba ya kwangu imekataa. Akaniangalia na ile nukta yake inawaka, akasema, "Labda hukuweka betri." Angeniambia ukweli siku hiyo, yaliyofuata yasingetokea. Lakini alipenda kunichokoza, na mimi nilipenda kuamini.

Baba Mkubwa alikuwa mkulima wa kahawa Itaka, mtu wa kofia na koti hata jua likiwa kali. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani, na baba yangu akiwa safarini ndiye aliyeamua. Alikuja wakati wa kupalilia, akakaa na mama jikoni, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango kama kawaida yangu.

"Mke wa mdogo wangu," alisema, "nimekuja kukutua mzigo. Nimesikia unamwogesha Yona. Sikulaumu, unafanya kwa moyo. Lakini watu wanasema, na wewe umekonda. Itaka kuna wake zetu wakubwa, kuna vijana wa kumgeuza. Nitamchukua."

Mama hakujibu. Nilijua mama akinyamaza maana yake hawezi kukataa, na nikajua pia, ingawa sikutaka kujua, kwamba alikuwa amechoka kweli.

Itaka kwa Baba Mkubwa wakati ule hakukuwa na umeme. Baba Mdogo alipoambiwa, hakubishana. Alisema tu, "Kaka, kule nitakuwa mtu wa kugeuzwa. Hapa nina kazi." Baba Mkubwa akaangalia zile stika zilizobandikwa ukutani, akamwangalia Gidi, akaguna. "Kazi anafanya huyu kijana. Nyie mnanifanya mimi mtoto." Gidi akambishia mpaka Baba Mkubwa akasema neno lake la mwisho: atakuja kuangalia. Akimwona Yona kwa macho yake, anaanza neno na kulimaliza peke yake, atamwacha. Kahawa ikianza kuiva na hajaona, anakuja na gari.

Kwa hiyo yote yakawa juu ya hilo. Neno moja, mbele ya macho ya Baba Mkubwa.

Hapa lazima niwaeleze jinsi sisi tunavyosalimiana. Mjini unasema shikamoo umepita. Kwa Wanyiha wa umri wa Baba Mkubwa, hiyo ni salamu ya barabarani. Mkubwa akiingia unachuchumaa, unakunja viganja, unapiga makofi taratibu, na yeye anauliza. Umeamkaje. Watoto wameamkaje. Mvua. Ng'ombe. Yule aliyekuwa anaumwa. Kwa kila swali unaitikia na viganja vyako, na huinuki mpaka amalize. Baba Mdogo hakuwa na magoti wala viganja. Kwa hiyo kaka yake akiingia, alikuwa anainamisha kichwa. Kidevu kifuani, macho chini, anaitikia hivyohivyo mpaka salamu iishe. Na salamu ya Baba Mkubwa ilikuwa ndefu, ungeweza kupika chai.

Mara ya kwanza alikuja Baba Mdogo yuko katikati ya neno, ameshatoa herufi nne safi. Baba Mkubwa akaingia, akavua kofia, akasalimia. Salamu ilipoisha, tukaangalia skrini, hakuna kitu. Kompyuta imezima. "Mnaona," akasema, akaondoka. Mara ya pili alikuja siku ya gulio, na ndizi mbivu amenibebea. Akaingia, akasalimia, kompyuta ikazima yenyewe, pap, kama imepigwa kofi. Gidi alitoka nje akapiga teke pipa. Baba Mdogo alifumba macho tu.

Mimi nikakaa na jambo hilo. Baba Mkubwa akiwa hayupo, herufi zinakuja. Akiingia, zinakufa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Na moyoni anataka nini? Anataka kumchukua. Kompyuta inasoma mawazo, mnakumbuka. Nikapata jibu langu, na lilinitisha hata kulitamka peke yangu. Zile ndizi nilizitupa chooni.

Kahawa ikaiva. Baba Mkubwa akaja na pikapu ya kukodi, nyuma ametandika godoro na blanketi jipya. Lile blanketi nalikumbuka mpaka leo, lilikuwa na maua ya zambarau, zuri, na nililichukia kama nyoka. Dereva akazima gari. Majirani wakasogea, mnajua mtaa. Baba Mdogo alikuwa ndani, yuko kazini, ana neno la mteja. Baba Mkubwa akaja mlangoni anavua kofia, na mimi nikasimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Huingii."

"Mama yangu mdogo," akasema kwa upole, maana ndivyo alivyoniita, nimepewa jina la mama yao, "nipishe nimsalimie baba yako."

"Huingii! Wewe ndiye unamroga! Kila ukija kompyuta inakufa, wewe mchawi!"

Kama unatoka kwetu, unajua neno hilo linafanya nini. Haliishii mdomoni. Watu wamehama vijiji kwa sababu yake, na wengine hawakupata hata nafasi ya kuhama. Nilimwona dereva wa pikapu anashuka, anaangalia pembeni. Mama alinifikia akanizaba kibao ambacho nilisikia kengele, na mimi nikiwa naona nyota nikarudia tena, mchawi, kwa sababu mimi nikishaanza siachi. Baba Mkubwa alibaki amesimama na kofia mkononi.

Ndipo Baba Mdogo akaita kutoka ndani. Mapafu yake hayana nguvu, hapigi kelele, lakini siku ile alitoa sauti.

"Spika! Nyamaza. Kaka, ingia."

Tukaingia wote. Baba Mdogo, kama kawaida, akaanza kuinamisha kichwa. Na kwa mara ya kwanza mimi sikumwangalia yeye, niliangalia skrini. Kichwa kilivyoshuka, mshale ukashuka nacho. Ukaenda chini kushoto kabisa, maana shingo yake inaegemea kushoto, ukatulia pale. Kule chini kushoto ndiko kinakokaa kitufe cha kuzima kompyuta. Mshale umetulia, kichwa kimetulia, kaka mtu anasalimia. Inabonyeza.

"Baba Mdogo," nikasema, "ni wewe! Ni wewe mwenyewe unazima!"

Akainua kichwa. Alikuwa analia bila sauti, na hana mkono wa kufuta.

"Najua," akasema. "Najua tangu siku ya kwanza."

Gidi akaruka. "Broo! Ulijua? Sasa si ungeacha kuinama!"

"Niache?" Akamwangalia kaka yake. "Kaka, magoti sina. Viganja sina. Shingo ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kukusalimia. Nikiacha na hiyo, mimi nitakuwa mdogo wako kwa kitu gani?"

Nje pikapu ilikuwa inadondosha maji ya injini, tip, tip, nilikuwa nayasikia. Baba Mkubwa akageuka akaniangalia, mimi nikajibana kwa mama. Akaangalia ile tochi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ile kamera, ile nukta. Akamuuliza Gidi taratibu, "Kwa hiyo ni kichwa chake ndicho kinachoandika? Siyo wewe?"

"Ni kichwa chake, mzee."

Basi Baba Mkubwa akavuta kigoda, akakipeleka nyuma ya kitanda, mahali ambapo Baba Mdogo hawezi kumwona. Akakaa. Akaweka kofia gotini.

"Usinisalimie," akasema. "Utanisalimia ukimaliza. Andika Itaka."

Damu ilinichemka. Hata neno lenyewe! Kumbe alichagua hilo ili mtu asije akasema Gidi aliliandaa, na kwa sababu ndilo neno aliloweza kulisoma vizuri kuliko yote. Baba Mdogo akaanza. I ilimchukua muda wa sufuria ya maharage kuchemka. T akaifuta mara mbili. Nilifuta jasho, nikabandika nukta mpya. Na yule mzee wa salamu ndefu, aliyeweza kuuliza hali ya kila mbuzi wa Itaka, hakutoa hata kikohozi. Mama alileta chakula, akakataa kwa kichwa. Kuna wakati jirani mmoja mzee alikuja mlangoni, amesikia nimemwita Baba Mkubwa nini, anataka kuona. Akafungua mdomo kusalimia, Baba Mkubwa akanyanyua kofia kumzuia.

"Usimsalimie," akanong'ona. "Yuko kazini."

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu ya Baba Mdogo tangu aanguke. Yuko kazini. Niliona mabega ya mama yakishuka, kama mtu aliyeshusha ndoo.

K ndiyo iliyokuwa ya ajabu. Mguu wake wa chini aliuvuta, akauvuta, ukazunguka chini ya neno zima, na mwishoni akautolea majani mawili ya kahawa na punje moja. Ilipofika jioni, neno limekamilika, shingo yake imekakamaa, sauti hana. Mashine ya Gidi ikalikata kwenye rifrekta nyeupe. Baba Mkubwa alilipokea kwa mikono miwili kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Halafu Baba Mdogo akainamisha kichwa chake, hakuna skrini mbele yake, akamsalimia kaka yake vizuri, mpaka mbuzi wa mwisho.

Pikapu iliondoka na godoro tupu. Blanketi alituachia. Na alipotoka, Baba Mkubwa alisimama mbele yangu. Nilijua nakufa. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na majirani wote walioning'inia pale kwenye uzio, "Huyu mtoto amelinda mlango wa baba yake. Aendelee kuulinda." Halafu akainama, kwa sikio langu tu, "Mchawi gani anakuja na ndizi?"

Lile neno langu halikupata pa kukaa mtaani, kwa sababu yeye mwenyewe alinisifu mbele ya watu. Angeweza kuniangamiza. Angeweza kumlaumu mama. Mimi nilikuja kuelewa ukubwa wa jambo hilo nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, na sikuwahi kumwambia asante. Nilikuwa nambebea tu ndizi.

Baada ya hapo mambo yakawa mengi. Wanaume wa ukoo wakapanga zamu ya kusaidiana na Gidi kumwogesha, mama akanenepa. Kibanda cha Gidi kikawa ofisi ya Baba Mdogo. Baba yangu alirudi safari moja akasema ameiona ile R ndani kabisa ya Kongo, kwenye lori la mtu asiyemjua. Programu zimebadilika, kamera za siku hizi zinamwona hata bila nukta, lakini amekataa kuiacha, anasema bila hiyo anajisikia hajavaa. Mimi shule niliishia kidato cha pili, kila ninachokijua cha kompyuta nimekipata pale pembeni yake na kwenye simu yangu. Na kazi yangu ya mlango sijaiacha. Mteja akiingia akaniuliza mimi, "Anasemaje huyu?", namwambia muulize, ana mdomo, tena mzuri kuliko wako. Dereva mmoja wa Zambia alimpita akanisalimia mimi, mulishani mulishani, nikamwambia rudi nje uingie upya. Akarudi. Akaingia upya.

Baba Mkubwa alikuwa anakuja kila alipofika mjini. Pikipiki yake ina lile neno kwenye madigadi ya nyuma, linawaka ukilimulika. Anaingia bila salamu, anavuta kiti, anakaa nyuma, kofia gotini. Utanisalimia ukimaliza. Kama kazi inaisha, wanasalimiana. Kama haiishi, na kazi ya malori huwa haiishi, anamwekea mkono kichwani kidogo, anaondoka. Mara ya mwisho Baba Mdogo alikuwa na kazi ya matela sita, mteja amesimama juu yetu. Baba Mkubwa alikaa sana siku hiyo. Halafu akainuka akaenda. Baba Mdogo alipomaliza akauliza, "Kaka yupo?" Nikasema ameshaondoka. Akasema, "Basi nitamsalimia akija."

Juzi nilipotoka nyuma ya migomba, jeneza lilikuwa limeshatolewa uwanjani. Watu wanapita kuaga. Gidi alisukuma kiti mpaka karibu, magurudumu yakizama kwenye udongo mwekundu. Paji la Baba Mdogo lilikuwa limebaki na alama ya duara pale nilipobandua. Akamwangalia kaka yake. Halafu akainamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua, akakaa hivyo.

Alikaa. Mchungaji akasubiri, akafungua kitabu, akakifunga. Foleni ya kuaga nyuma yetu ikasimama. Mtu akakohoa. Gidi alidhani shingo imekwama, iliwahi kutokea, akanyoosha mkono amwinue. Nikamshika.

"Mwache," nikamwambia. "Anasalimia."